Mkate wa Mjukuu

Wahenga wa Kijerumani waliokwenda kulima ugenini walirithishana usemi mzito: wa kwanza hupata kifo, wa pili hupata dhiki, wa tatu ndiye apataye mkate. Hakuna ahadi ya raha humo. Mzee anamwambia kijana wazi kwamba jasho lake si lake, na kwamba huenda akafa kabla hajaiona meza anayoitengeneza. Nauheshimu usemi huo, kwa sababu haumdanganyi mtu.

Mwaka 1874 usemi huo ulipata watu wa kuubeba hadi Kansas, katikati ya Marekani. Walikuwa Wamenoni, Wakristo waliozungumza Kijerumani na wasioshika silaha, waliokuwa wamelima kusini mwa Urusi ya wakati ule kwa vizazi kadhaa. Babu zao waliahidiwa kwamba hawatalazimishwa uaskari. Sheria mpya ya jeshi ikaitia shaka ahadi hiyo, na kundi moja kutoka Krimea likahama na kuanzisha kijiji cha Gnadenau. Wengi walinunua ardhi kwa kampuni ya reli ya Santa Fe. Wahamiaji wengine waliitumia sheria aliyoitia saini Abraham Lincoln mwaka 1862, iliyompa mtu ekari 160 akikaa na kulima miaka mitano.

Katika mizigo ya Wamenoni mlikuwa na mbegu za ngano ngumu, nyekundu, iliyokuja kuitwa Turkey Red. Simulizi za familia zinasema watoto waliketishwa kuichambua punje kwa punje, wakiacha mbovu na kutwaa nzima. Simulizi hizo huenda zimepambwa, kama simulizi za babu zote, lakini hebu tumfikirie mzazi anayefunga sanduku la safari ya bahari. Nafasi ni finyu. Kuna nguo, sufuria, zana, Biblia. Naye anatenga mahali pa kitu ambacho watoto hawatakila njiani hata wakilia njaa, kwa sababu mbegu ikiliwa leo, mwakani hakuna shamba. Hapo ndipo ninapouona utu uzima: kumnyima mtoto punje mkononi ili asikose mkate maishani.

Mwaka huohuo nzige waliishukia Kansas wakala mahindi na mboga mpaka nchi ikabaki tupu. Ngano ile ilikuwa na tabia tofauti. Hupandwa vuli, huota kidogo, hulala chini ya theluji, kisha huvunwa mapema kiangazi kabla jua halijaunguza. Hata hivyo haikupokelewa mara moja. Wasagaji waliilalamikia kwa ugumu wake, na vinu vilipaswa kubadilika. Msagaji mmoja wa Kimenoni, Bernhard Warkentin, aliishikilia na kuagiza mbegu zaidi kutoka kule ilikotoka. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo ilipotawala mashamba ya Kansas. Wa tatu akapata mkate, kama walivyosema.

Katikati palikuwa na dhiki. Kwenye mbuga zisizo na miti walowezi wengi walijenga kuta kwa mapande ya udongo ulioshikwa na mizizi ya nyasi, na jikoni wanawake waliwasha kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Tarehe 12 Januari 1888 dhoruba ya theluji iliua watu zaidi ya 200 huko Dakota na Nebraska, wakiwemo watoto wengi waliokuwa wakitoka shule.

Lakini hesabu ya wahenga wale ina pengo. Inaanza na mgeni. Mwenyeji hayumo.

Kansas imechukua jina la watu wa Kanza, waitwao pia Kaw. Waliishi karibu na Council Grove, si mbali na Gnadenau, hadi mwaka 1873 serikali ilipowahamishia eneo ambalo leo ni Oklahoma. Mwaka mmoja tu baadaye Wamenoni wakawasili. Wazee wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usemi huo unachukulia kwamba yupo mwenyeji, mwenye jembe na shamba la kumwonyesha mgeni. Kansas mgeni alionyeshwa shamba na reli na serikali. Simwiti baba wa Gnadenau mwizi. Alilipa, tena kwa taabu. Ila mtu anaweza kulipa kwa asiye mwenye mali, na deni likabaki.

Wako waliolikumbuka deni hilo. Kando ya mto Kansas palikuwa na jiwe jekundu la zaidi ya tani 20, ambalo Wakaw waliliheshimu katika ibada zao. Mwaka 1929 watu wa mji wa Lawrence walilikokota hadi bustani yao, wakalipachika bamba la kuwatukuza walowezi waanzilishi. Walowezi hao hawakuwa Wajerumani, lakini sifa ilikuwa ileile, ya mgeni kujisifia juu ya mali ya mwenyeji. Mwaka 2021 mji uliomba radhi rasmi. Bamba likang'olewa, na mwaka 2024 jiwe likasafirishwa hadi karibu na Council Grove, kwenye ardhi ambayo Wakaw wenyewe walikuwa wameinunua upya.