Maana ya Neno «Johari»

Katika masoko ya Lubumbashi huuzwa pete na mikufu ya malakiti, lile jiwe la kijani litokalo katika machimbo ya shaba ya Katanga. Vitu hivyo huitwa mapambo. Na jiwe la thamani lenyewe Waswahili huliita kito, au tena johari. Pambo na johari huvaliwa pamoja shingoni, walakini maana ya maneno hayo si moja.

Pambo latokana na kupamba, maana yake kutia uzuri juu ya kitu. Bibi arusi hupambwa. Sherehe ikiisha, pambo huvuliwa, naye abaki vile alivyo.

Johari ni neno lililotoka mbali. Waswahili walilipokea kwa Waarabu, nao Waarabu walilipata kwa Waajemi. Tangu kale lilikuwa na maana mbili: jiwe la thamani, na asili ya kitu, ndicho kile kinachokifanya kiwe kilivyo. Ibn Sina, mwenye hekima aliyekufa mwaka 1037, alilitumia neno hilo alipotenga kitu chenyewe na sifa zake zipitazo, kama vile rangi.

Je, neno hili lafundisha nini? Wafua shaba wa zamani wa Katanga walilichoma jiwe la malakiti kwa makaa katika tanuru. Rangi ya kijani ilipotea, ikatoka shaba. Lakini kipande cha mti kilichopakwa rangi ya kijani, kikitiwa motoni, huwa majivu tu.

Vivyo hivyo kwa mwanadamu. Nguo safi, cheo na maneno matamu ni mapambo. Kujipamba si kosa: mama avaaye mkufu siku ya arusi ya mwanawe huiheshimu sherehe. Kosa ni kulifanya pambo kuwa pazia la uovu, na kumdharau maskini kwa sababu shingo yake ni tupu. Siku ya njaa na ya deni ndiyo tanuru; hapo mjane asiye na pete huweza kurudisha fedha alizookota, na tajiri akazificha.

Walakini iko tofauti moja kubwa. Jiwe halikuchagua asili yake. Mtu hujijengea tabia kwa matendo yake ya kila siku. Basi atakaye kuijua johari yake asitazame kioo, bali akumbuke alilolitenda siku ile asipoonwa na mtu.