Eliya Chini ya Mretemu



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi hunong'onwa tu. Yako maradhi ambayo madaktari wa siku hizi huyaita baipola. Aliye nayo, kwa muda wa juma moja au majuma mengi, moyo wake hupanda juu pasipo kiasi. Hulala saa mbili au tatu wala hachoki, husema upesi hata mwenziwe hapati nafasi ya kuitikia, hufanya mashauri makubwa makubwa, hutapanya mali, hukasirika akizuiwa. Baadaye moyo uo huo huanguka. Asubuhi haoni sababu ya kuondoka kitandani, chakula hakina ladha, na wengine hutamani kufa. Kati ya nyakati hizi mbili yeye ni mtu kama sisi: hulima, huvua, huimba kwaya, hulea watoto. Mara nyingi maradhi haya huanza katika ujana, tena huonekana katika ukoo mmoja kuliko mwingine.

Tufungue Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 18 na wa 19. Hatusemi ya kwamba Eliya alikuwa na ugonjwa huu. Maandiko hayasemi hivyo, wala sisi hatukupewa kazi ya kumpima nabii. Walakini tazameni. Juu ya Karmeli alisimama peke yake mbele ya manabii wa Baali 450, na mvua ilipokuja akapiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Kisha kwa ujumbe mmoja tu wa Yezebeli, mtu huyu mwenye nguvu nyingi hivi akakimbia, akamwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe.

Na Mungu alimtendea nini? Hakumhutubia. Hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Alimwacha alale, akamtuma malaika mwenye mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili ili ale. Maneno yalikuja baadaye, kule Horebu, nayo yalikuja kwa sauti ndogo.

Twapenda wainjilisti walishike neno hili kwanza kabisa: usingizi na chakula vilitangulia mahubiri. Madaktari nao wametambua kwamba kukosa usingizi si dalili tu ya moyo kupanda, bali huweza kuupandisha. Kwa hiyo mtu tumjuaye kuwa na maradhi haya tusimweke kuongoza mkesha wa maombi, hata kama sauti yake ni nzuri kuliko zote, wala tusimsifu kwa kukesha usiku wa tatu mfululizo kana kwamba Roho amemshukia. Katika matanga na arusi, mwenzake amwondoe mapema akalale. Hilo nalo ni utumishi.

Sasa twaja kwenye lililotufanya tuandike, yaani yale matendo ya ghafula. Wenyeji wa Delta mwajua maji ya namna mbili. Maji ya bahari hufuata mwezi. Nahodha atokaye Nyamisati kwenda Mafia ajua siku za bamvua na siku za maji mafu, naye hupanga safari yake. Lakini maji ya mto hayana kalenda ya namna hiyo. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti bila kumwuliza mtu kama amekwisha kuvuna. Watu wengi hudhani moyo wa mgonjwa hupanda kwa mwandamo wa mwezi, kama bahari. Sivyo, wafanana zaidi na mto. Dalili zake huonekana kwa mwenye kuangalia, lakini siku yake haijulikani. Tena wakulima wa bondeni, waliojenga madungu yao juu ya nguzo ndefu, hawakuyajenga maji yakiwa magotini.

Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Twamwona ndugu amekwisha kupanda, twamwambia, "Jizuie!" Twamwambia neno jema kwa saa isiyofaa, maana kile chombo cha kujizuia ndicho kilichougua. Twamdai mwenye mguu uliovunjika akimbie, kisha twamlaumu kwa uvivu. Kitabu cha Mithali chamfananisha mtu asiyeitawala roho yake na mji uliobomoka kuta. Basi kuta hujengwa wakati wa amani, na mwenye kuzijenga kwanza ni mgonjwa mwenyewe, akiwa na akili yake timamu, pamoja na watu awaaminio.

Tumfikiri ndugu mmoja. Tusimpe jina, maana wako wengi wa namna yake. Amelipwa fedha za korosho. Juma lile hakulala. Kwa siku mbili amenunua pikipiki, ameahidi mashua kwa watu watatu, na usiku wa manane amekopa kwa simu yake mara nne, kwa kuwa mikopo ya simuni haina mlinzi wa kumwuliza mkopaji kama amelala. Mkewe akisema neno, hufokewa mbele ya watoto. Wengine katika saa hiyo huingia katika uasherati ambao siku za uzima wao wangeuchukia, wakaleta nyumbani maradhi na machozi. Moyo ukiisha kuanguka, madeni yote yapo, na aliyeyafanya hana nguvu hata ya kuoga.

Ndugu kama huyu, katika miezi yake ya utulivu, yafaa aketi na mkewe na mtu mmoja zaidi, waandike karatasi. Waandike dalili zake mwenyewe, si za kitabuni: mathalan, kwamba akipanda huanza kuamka saa nane za usiku na kufagia uwanja, au huanza kuwapigia simu rafiki wa zamani. Waandike ya kwamba fedha za mavuno zitawekwa mahali ambapo sahihi ya mtu mmoja haitoshi. Waandike kiasi fulani cha fedha, na kwamba kitu chochote kizidicho kiasi hicho hakitanunuliwa mpaka mwenyewe amelala usingizi kamili kwa siku mbili na kuwauliza watu wawili. Waandike nani atashika simu usiku, nani atampeleka hospitali, na kwa hospitali gani. Kisha atie sahihi yeye mwenyewe. Siku ya shida itakapofika, mzee wa kanisa hatakuja na amri yake, bali ataweza kusema kwa upole, "Ndugu yangu, si mimi nikuzuiaye. Ni wewe wa mwezi wa Agosti uliyeniagiza." Huenda atakasirika hata hivyo. Na avumiliwe.

Mtu asidhani mambo haya ni ya wasiosoma. Bibi Kay Redfield Jamison wa Marekani ni mwalimu wa chuo kikuu na mtaalamu wa maradhi haya haya, naye mwenyewe anayo. Katika kitabu chake cha mwaka 1995 asimulia jinsi alivyonunua vifaa 12 vya kutibu walioumwa na nyoka, akisadiki kwamba nyoka wamezidi mno katika nchi ile. Ninyi wa Delta mtacheka, maana kwenu nyoka wapo kweli. Lakini hata kwenu hakuna nyumba ihitajiyo vifaa 12. Bibi huyo aliacha dawa mara nyingi kwa kuzipenda zile siku za kupanda, na mwisho nusura afe kwa mkono wake mwenyewe. Aliyeketi naye kuyahesabu madeni yake alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, aliyekopa fedha ili kuyalipa.

Juu ya dawa tuseme kwa kifupi, maana si kazi yetu kuziandikia watu. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alitangaza kwamba litiamu, chumvi ipatikanayo katika mawe, hutuliza wagonjwa waliopanda sana, nayo yatumika hata leo pamoja na dawa nyingine zilizogunduliwa baadaye. Mwenye kumeza litiamu sharti apimwe damu, kwa kuwa kati ya kipimo kifaacho na kipimo kidhuricho nafasi ni ndogo. Katika joto letu, akiharisha au akitapika kwa homa, au akikosa maji ya kunywa, dawa huzidi mwilini: akitetemeka sana, akiyumba, akichanganyikiwa, aende hospitali siku ile ile. Hata baadhi ya vidonge vya maumivu viuzwavyo dukani huizidisha. Na mama mwenye kutumia valproeti amwambie daktari mapema kabla ya kushika mimba, maana dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini asiiache kwa shauri lake mwenyewe. Tena si kila apandaye moyo ana baipola. Malaria iliyopanda kichwani, bangi na pombe vyaweza kuleta hali ifananayo, ndiyo sababu daktari hupima kwanza.

Wako watakaouliza, "Je, si pepo?" Hatukatazi maombi, sisi wenyewe twaomba. Lakini kanisa letu katika nchi hii halikungoja mpaka leo kuchagua kati ya maombi na uuguzi. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa katika utumwa ilianza mwaka 1904 kupokea wagonjwa wa akili. Ibada na dawa na jembe vilikaa pamoja kule, wala hakuna kilichomfukuza mwenziwe. Kwa hiyo mwinjilisti amwekeaye mgonjwa mikono, na kesho yake akampandisha garini kwenda Muhimbili, hajapungukiwa na imani.

Sasa neno kwa wazee wa kanisa, nalo ni zito. Ndugu yule wa korosho aweza kufika ibadani siku ya Mavuno, akasimama, akaahidi mabati ya kanisa zima. Watu watapiga vigelegele, na mweka hazina ataandika upesi kabla hajabadili nia. Twasema waziwazi: sadaka ya namna hiyo isipokelewe. Mshukuruni, mwandikeni, mkamwambie mtaizungumza naye baada ya mwezi mmoja, mkewe akiwapo. Ikiwa zimekwisha kupokelewa, zirudishwe, hata kama mabati yamekwisha kuagizwa. Kanisa likae chini ya makuti kwa mwaka mwingine, si aibu. Watoto wa mtu kukosa ada kwa sababu ya paa letu, hiyo ndiyo aibu.

Na mambo aliyoyafanya, je, ni dhambi? Wengine husema yote ni ugonjwa, basi hakuna deni. Wengine husema yote ni dhambi, basi aitwe mbele ya baraza Jumapili ijayo. Sisi twaona hivi: aliyeumizwa ameumizwa kweli, na mke aliyefokewa hatakiwi kujifanya hakusikia, deni lililipwe kadiri iwezekanavyo, na msamaha uombwe. Lakini saa yake si juma lile la kuanguka. Zakayo alirudisha mali za watu, naye alirudisha akiwa na furaha ya Mgeni aliyeingia nyumbani mwake, si akiwa chini ya mretemu. Mtu akiwa chini ya mretemu, karipio la baraza laweza kuwa ndilo neno la mwisho alisikialo. Wakati huo asiachwe peke yake; sumu za shambani na kamba ziondolewe karibu naye; aulizwe wazi kama anawaza kujiua, maana kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa mlango wa kusema. Akisema ndiyo, mtu akae naye usiku ule mpaka hospitali ifikiwe. Hesabu ya madeni itangoja.

Twajua ya kuwa katika vijiji vingi vya Delta sisi Wakristo tu wachache, na jirani wa kwanza wa mgonjwa huenda ni Mwislamu. Ikiwa mgonjwa apenda jirani huyo awe ndiye mtu wa pili katika karatasi yake, mzee wa kanisa asinune.

Karatasi yenyewe iwe na nakala mbili, moja nyumbani, moja kwa mtu yule aliyechaguliwa, zikihifadhiwa mahali pasipofikiwa na maji. Isomwe tena kila mwaka mwezi wa Februari, kabla masika hayajaanza, mwenyewe akiwapo, na lile asilolitaka tena alifute kwa mkono wake.