Je, Aliyeelewa Ana Deni kwa Mwenzake?

Mzazi mmoja wa Kasulu alitujia na swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Binti yake yumo Kidato cha Nne, na katika somo la fizikia ndiye anayeongoza darasani. Jioni wenziwe humwendea nyumbani, watano au sita, wamechukua madaftari yao, wapate kurudia masomo pamoja naye kwa ajili ya mtihani. Baba amewakataza. "Padre," alituambia, "mtoto wangu akesha akisoma, na hawa waja kumnyonya. Mtihani hawataufanya pamoja. Kwa nini basi wajifunze pamoja?"

Maneno hayo si ya mtu mwenye roho mbaya. Ni ya mkulima wa mahindi na maharagwe ambaye, mvua za kwanza zinapoanguka na kila jembe linahitajika shambani, amemwachia binti yake saa za kusoma. Twadhani wazazi wengi, tangu Kibondo hata Kasulu, na huenda nchini kote, huwaza vivyo hivyo bila kusema. Yatupasa kulipima swali lake kwa haki.

Kwanza tumkubalie palipo na ukweli. Mtihani wa Taifa, unaotungwa na Baraza la Mitihani na kufanywa kila mwaka mwezi wa Novemba, hufanywa na mtu mmoja mmoja, kila mtahiniwa na namba yake na kiti chake. Humo chumbani kumnong'oneza jirani ni udanganyifu, wala hatuna neno la kuutetea. Ni kweli pia kwamba yako makundi ya kujisomea ambayo hayastahili jina hilo: mmoja akokotoa, wanne wanakili, na wa sita apiga soga. Anayenakili jibu bila kujua limetoka wapi hakusaidiwa hata kidogo. Amenyimwa nafasi ya kugundua kwamba hajui. Tena wako mabinti wanaorejea nyumbani gizani peke yao. Baba anayeliogopa jambo hilo asichekwe.

Lakini hofu yake kubwa ni nyingine. Adhani ya kuwa alama atakazopata jirani zitamegwa katika alama za binti yake. Sivyo. Kwa viwango vitumikavyo katika Kidato cha Nne, mwenye alama 75 na zaidi hupata A, mwenye 65 hadi 74 hupata B, na kuendelea chini. Darasa zima likifikia 75, wote wamepata A. Walakini hatutaki kumdanganya mzazi wetu. Nafasi za Kidato cha Tano katika shule za serikali zina hesabu yake, na yawezekana kabisa mmoja wa wale watano akaketi katika kiti alichokitamani binti huyu. Basi swali lasimama pale pale, na ni gumu: je, mtu ana wajibu wa kumfundisha yule awezaye kumpita?

Wako wanaojibu upesi kwamba kufundisha humfaidi mwenye kufundisha. Ni kweli. Watoto wetu wa nyanda hizi husema Kiha nyumbani, walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na mtihani wa fizikia wataukuta umeandikwa kwa Kiingereza. Sokoni twasema kwamba gunia lina uzito wa kilo 50, na muuzaji ametuelewa. Katika fizikia kilo 50 ni tungamo lake. Uzito ni kani ambayo dunia hulivuta gunia hilo, nao hupimwa kwa nyutoni, zipatazo 500. Msichana anayedhani ameelewa jambo hilo, na amweleze mwenziwe kwa Kiha, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Akikwama katika lugha moja, atajua ni wapi alikuwa amekariri tu.

Hata hivyo hatupendi kuitegemea hoja hiyo peke yake. Anayesaidia kwa sababu ya faida yake ataacha kusaidia siku faida itakapokwisha, yaani wiki ile ya mwisho, ndipo wenziwe wanapomhitaji kuliko siku zote.

Afadhali tutazame kazi yenyewe wanayoifanya vijana hawa. Shule isiyo na vyombo vya kutosha yaweza kupata jiwe, uzi na saa. Uzi ukiwa na urefu wa mita moja, jiwe litakwenda na kurudi mara 20 kwa muda wa sekunde 40 hivi. Ukifupishwa uwe sentimeta 25, mara hizo 20 zitachukua sekunde 20 tu. Sasa nani aliachie jiwe, nani ahesabu, nani aitazame saa, nani aandike? Mmoja akifanya yote atakosea hesabu. Na hapo ndipo kijana mzito wa kuelewa, aliyedhaniwa kuwa ni mzigo, atasema kwa ukaidi kwamba jiwe kubwa lazima liende upesi zaidi. Binti yetu anajua sivyo, kwa kuwa kitabu kimesema. Lakini kijana hakubali kitabu. Ataka wabadili jiwe wahesabu tena. Wakifanya hivyo, yeye atakuwa ameshindwa, na binti kwa mara ya kwanza atakuwa ameona kwa macho yake jambo alilokuwa akilisadiki tu. Nani amemnyonya nani?

Nchi yetu ina kisa kinachofanana na hicho. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenziwe. Nafasi ndani ya jokofu zilikuwa chache, naye, asije akaikosa, aliweka maziwa yake yangali moto. Yakaganda mbele ya yale ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na kwa muda mrefu wanafunzi wenziwe walilifanya jina lake kuwa dhihaka. Hata alipomwuliza Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu aliyekuja kuwatembelea, darasa lilicheka. Mgeni hakucheka; alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala yao. Wataalamu wangali wakibishana juu ya jambo hilo hata leo, wala si kazi yetu kuwaamua. Tunachokitazama sisi ni kile kicheko. Darasa zima la vijana wenye akili lilikuwa na swali kubwa mikononi mwake, na halikuwa na la kufanya nalo ila kulicheka.

Turudi kwa mzazi wetu. Alisema kwamba elimu ya binti ni mali yake, ameitolea jasho. Ni yake, na jasho limetoka. Lakini chumba anachosomea kilijengwaje? Shule nyingi za kata zilijengwa kwa mikono ya wananchi wenyewe: waliochimba msingi, waliofyatua matofali, akina mama waliobeba mchanga na maji kichwani. Hawakuulizwa kwanza kama watoto wao ni wepisi au wazito. Mama aliyebeba ndoo ile huenda ndiye mama wa kijana yule mkaidi wa jiwe. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamika kwamba shule tulizorithi zilimzoeza mtoto kujitafutia nafsi yake, na kwamba mtihani ulitukuzwa kupita kiasi. Miaka mingi imepita, na mtihani haujashuka katika kiti chake. Kwa hiyo twasema bila kusitasita: ndiyo, binti ana deni, na analidaiwa na kina mama wale, ijapokuwa hakuna atakayemwendea kulidai.

Ila deni lina kiasi. Hadaiwi usingizi wake, wala hadaiwi kuwafanyia wengine kazi wasiyotaka kuifanya. Tulimshauri baba awaruhusu waje Jumamosi asubuhi, mchana kweupe, kila mmoja akiwa amekwisha jaribu maswali kwao na kuandika palipomshinda. Asiyejaribu asubiri hadi Jumamosi nyingine. Usiku uwe wa binti peke yake. Akasikiliza, akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama yule kijana mkaidi naye ni lazima aje. Tukamwambia kwamba huyo ndiye wa kwanza kuitwa.