Kazi Iliyofukiwa

Huko Marekani mtu akitaka kupeleka umeme chini ya ardhi hata banda la motakaa lililo mbali na nyumba, kanuni za umeme za nchi ile, zilizotolewa kwanza mwaka 1897, zamwagiza kina cha mfereji. Kwa kawaida waya uliozikwa pasipo bomba hutaka inchi 24, na uliomo katika bomba la plastiki inchi 18. Tena mkaguzi hutazama kabla ya udongo kurudishwa.

Twauliza: kama mkaguzi hayupo, naye achimba inchi 10 tu, amemkosea nani? Kiwanja ni chake, taa yawaka, wala hakuna aliyeumia.

Lakini mfereji hauchimbwi kwa ajili ya leo tu. Nyumba huuzwa, mwenyewe hufa. Na siku moja mgeni atashika jembe apande mti, asijue kilichopo chini. Kina kile ndicho ulinzi wake.

Basi twaona ya kuwa deni letu si kwa wale tuwajuao tu. Afukiaye kazi mbovu humwachia mwenzake hatari, na kumnyima hata nafasi ya kuiona. Na tuchimbe hata kipimo kitimie, ijapokuwa hakuna atazamaye.