Kula Bata Zanzibar kwa Bei Nafuu: Nafuu kwa Nani?



Kijana mwenzangu, mwaka huu wanne kati yetu wa VIWAWA hapa parokiani, Dar es Salaam, tumepanga kwenda Zanzibar siku nne. Bahari, chumba chenye kiyoyozi, samaki wa kuchoma, mashua ya kwenda Changuu kuwaona kobe. Kwa kifupi, kula bata. Na kwa kuwa hakuna kati yetu mwenye mshahara wa kula bata, tunatafuta bata wa bei nafuu.

Habari ilipofika kwenye grupu la WhatsApp, mjadala ukawaka. Mmoja akaandika: "Hiyo hela si mngewatumia mama zenu kijijini?" Mwingine akamjibu: "Kwani Mungu anapenda tuteseke? Ukatoliki siyo kununa." Wengine wakaweka vikatuni vya kucheka, mada ikapita. Mimi haikunipita. Naona wote wawili walishika kitu cha kweli, na swali lenyewe linatuhusu vijana wengi tulioanza kupata vijisenti vyetu. Je, Mkristo anaruhusiwa kujipa raha, wakati kwao kuna shida?

Tuanze na huyo wa pili. Katika Injili ya Marko, sura ya 6, mitume wanarudi kutoka utume wakiwa hoi. Watu wanaingia na kutoka mpaka nafasi ya kula hawana. Yesu hawaambii wakaze buti. Anawaita waende kando, mahali pa faragha, wapumzike kidogo. Nao wakapanda mashua. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, anasimulia kisa cha Mtume Yohane aliyekutwa akicheza na wanafunzi wake, watu wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde arushe mshale, kisha mwingine, na mwingine tena. Akamuuliza, unaweza kuendelea hivyo bila kukoma? Yule akajibu kwamba upinde utavunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu isipolegezwa kamwe. Thoma anakwenda mbali zaidi: kuzidisha michezo ni kosa, lakini hata mtu asiyefurahi kamwe, anayewaharibia wenzake furaha, naye ana kosa.

Kwa hiyo kupumzika siyo dhambi, na kupumzika vizuri nako siyo dhambi. Hilo tulimalize.

Sasa yule wa kwanza. Ni rahisi kumjibu kwamba ana roho ya Yuda, aliyelalamika pale Bethania kwamba marhamu ya dinari 300 ingeuzwa wakapewa maskini. Nimeshasikia watu wakiitumia habari hiyo kuhalalisha kila aina ya matumizi. Lakini tusome vizuri Yohane 12. Maria hakujimiminia mwenyewe yale marhamu. Alimmiminia Yesu. Mimi nikienda kulala kwenye chumba chenye kiyoyozi siwezi kujificha nyuma ya Maria. Swali la mama kijijini linabaki palepale.

Ila nadhani grupu zima tulikosa swali moja ambalo amri ya Mungu yenyewe inaliuliza. Fungua Kumbukumbu la Torati 5:14. Mungu anapoamuru siku ya kupumzika, hasemi tu "wewe upumzike". Anataja mtoto wako, mtumishi wako wa kiume na wa kike, ng'ombe, punda, na mgeni anayekaa kwako. Kisha anatoa sababu: ili mtumishi wako apumzike kama wewe. Yaani pumziko la Mungu ni la kushirikiana. Ukipumzika kwa namna inayomnyima mwingine pumziko, umechukua na fungu lake. Papa Leo XIII alilisemea hilo katika Rerum Novarum mwaka 1891, akitetea haki ya mfanyakazi kupumzika Jumapili. Na Katekisimu, namba 2186 na 2187, inatukumbusha sisi wenye nafasi ya kupumzika tuwafikirie ndugu ambao umaskini unawazuia, na tusiwadai wengine kazi zisizo za lazima zinazowazuia kuitunza siku ya Bwana.

Hapo ndipo neno "nafuu" linaponikaba. Nafuu kwa nani?

Binti wa shangazi yangu anafanya kazi hotelini, pwani ya mashariki ya Unguja. Ni Mkatoliki, aliimba kwaya kwao. Sasa ni Krismasi ya tatu hajaingia kanisani, kwa sababu kwake Krismasi ndiyo siku yenye kazi kuliko zote. Anatandika vitanda, anakunja taulo ziwe na umbo la bata maji, anatabasamu. Wako vijana wengi wa bara kisiwani wanaofanya kazi kama yake. Ninapoona tangazo la "anasa kwa bei poa", najiuliza kama punguzo limetoka kwenye faida ya mwenye hoteli, au kwenye mkono wa huyu dada. Yakobo 5:4 inasema mishahara ya vibarua iliyozuiwa inapiga kelele, na Bwana anaisikia. Sidhani kama kelele hiyo inazimwa na muziki wa ufukweni.

Kisiwa chenyewe ni mwalimu wa jambo hili. Ukifika Mkunazini, katikati ya Mji Mkongwe, kuna kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Mashamba ya karafuu yaliyowatajirisha wachache yalilimwa na watu waliouzwa. Silinganishi hoteli ya leo na utumwa, hapana. Nasema tu kwamba raha ya huku inaweza kuwa na mlipaji upande wa pili, na aliyekaa kwenye kiti asimwone.

Basi tufanye nini, tusiende? Hapana. Kuna nafuu ya namna mbili. Kuna nafuu inayotoka kwenye akili na kujinyima kwako mwenyewe, na kuna nafuu inayotoka kwenye jasho la mwingine. Ya kwanza itafute kwa nguvu zote. Ya pili ikimbie.

Sisi tumepanga hivi. Tunakwenda mwishoni mwa Mei, masika yanapoisha. Wageni ni wachache, bei zimeshuka, na kwa watu wa huko mgeni wa wakati huo ni riziki kweli. Kila mmoja ameweka elfu hamsini kwa mwezi, miezi minane, jumla laki nne. Hakuna kukopa. Mikopo ya simu na ile ya kausha damu hairuhusiwi kabisa, maana likizo ya deni inakupumzisha siku nne na kukutesa miezi sita. Tunalala wawili wawili kwenye nyumba ya wageni ya familia, Jambiani. Tunapanda daladala badala ya kukodi gari. Jioni moja tunakula Forodhani.

Ambapo hatubani ni kwa watu. Hela ya kuwaachia wahudumu imeandikwa kwenye bajeti tangu mwanzo, siyo chenji itakayobaki mfukoni. Nahodha wa mashua tutapatana naye bei ya haki, bila kumkamua kwa kuwa ana njaa ya wateja. Bahari ya Jambiani ikikupwa, maji yanakwenda mbali sana, na utawaona akina mama wameinama kwenye mashamba yao ya mwani. Wale wako kazini, siyo mapambo ya picha zetu. Tutawasalimu, "Shikamoo mama", na picha tutaomba kwanza. Mjini tutavaa kwa heshima, kwa sababu wenyeji wetu wengi ni Waislamu na sisi ni wageni kwao. Jumapili tutasali Misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Shangani, na siku hiyo vyumba tutafagia wenyewe.

Ni mambo madogo. Hayabadilishi mshahara wa binti wa shangazi yangu. Najua. Lakini yananifundisha kuona, na Papa Fransisko katika Laudato Si', namba 237, anasema pumziko la Jumapili linatupanua macho na kutufanya tuzijali tena haki za wengine. Likizo isiyonifungua macho imenipumzisha mwili tu.

Limebaki la mama. Mama yangu ana miaka 58 na hajawahi kulala hotelini hata usiku mmoja. Nilimpigia nikamweleza safari nzima, gharama na yote. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Nenda mwanangu. Ila huko kupumzika, mimi sijui kukoje." Hakuwa analalamika, na ndiyo maana iliniuma. Dawa zake za mwezi na ada ya mdogo wangu huwa natoa kwanza kabla ya kuweka ile elfu hamsini, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida sina deni. Ila amri haikusema "mlipie mtumishi wako". Ilisema apumzike kama wewe. Sasa natafuta kibarua wa kumlimia wiki moja wakati wa palizi, na dada yetu mkubwa amekubali kumpokea Moshi siku hizo, akae tu. Amekataa mara mbili, anasema shamba litaharibika. Bado nambembeleza.

Kijana mwenzangu, kabla hujalipia safari yako, kaa kimya mbele ya Ekaristi na ujiulize mambo matatu. Hela hii ni yangu kweli, au kuna mtu anaidai? Bei hii imeshuka kwa kujinyima kwangu, au kwa kunyimwa mwingine? Na nyumbani kwetu, ni nani ambaye hajapumzika siku nyingi kuliko mimi?

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyewaita mitume wako wapumzike, utufundishe kupumzika bila kuwasahau wanaotuhudumia. Uwape nafasi na wao. Nasi uturudishe nyumbani tukiwa na moyo mwepesi na mikono iliyo tayari. Amina.