Asidi Kwenye Maji, Zebaki Hewani

Kila mwanafunzi wa kemia hapa Singida anaijua kanuni hii: asidi humiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi. Ukigeuza, joto linalozuka hurusha asidi usoni. Sasa kanuni hii inamlinda nani? Kujihatarisha ni shauri lako, haya; lakini jirani yako wa mezani hakuulizwa. Ndiyo maana naiona ni deni, si adabu ya darasani tu.

Twende Sekenke, Iramba, kwenye dhahabu. Mchimbaji mdogo akichoma zebaki, mvuke wake humfikia hata mtoto anayepita. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Vizuri. Ila jamani, usalama unaoishia mlangoni mwa maabara ni wa kupasia mtihani tu.