Umakini Wako ni wa Nani?

Somo: Nehemia 6:1–15

Katika somo letu, Nehemia yuko juu ya ukuta wa Yerusalemu. Mara nne Sanbalati na Geshemu wanamtumia ujumbe akutane nao bonde la Ono. Mara nne jibu ni lile lile: kazi aliyonayo ni kubwa, hashuki. Ukuta ukakamilika kwa siku 52.

Swali ni hili: akili ikitangatanga, hiyo ni dhambi ama ni udhaifu tu?

Nilisomea biashara, na huko tulifundishwa kwamba gharama ya kitu si pesa uliyotoa peke yake. Ni pia kile ulichokosa kwa kuchagua hiki. Umakini uko hivyo. Mtoto anakuja kukuelezea vile mtihani ulienda, nawe unaitikia "mm, mm" macho yakiwa kwa simu. Hujatoa hata shilingi, lakini kuna mtu amelipa, na ni huyo mtoto.

Hata hivyo tusiwe wepesi kuhukumu. Kuna mama ana deni la karo, mgonjwa yuko hospitali, na mahindi bado yako shambani. Akisinzia ama akiwaza mbali wakati wa maombi, tumwite mwenye dhambi? La. Huyo hakushuka ukutani kwa hiari yake, amevutwa. Hapo wajibu ni wetu. Wagalatia 6:2 inatutaka tubebeane mizigo. Ukimsaidia kuvuna nusu siku tu, umemrudishia akili yake mbele za Mungu.

Lakini pia umakini peke yake si wema. Mwizi wa ng'ombe huwa makini sana usiku! Kwa hivyo tusiulize tu, "Niko makini kiasi gani?" Tuulize, "Niko makini kwa ajili ya nani?"

Mlima Elgon tuna mfano wetu. Ben Jipcho, mzaliwa wa mlima huu, alikimbia fainali ya mita 1500 kule Mexico City mwaka wa 1968. Mzunguko wa kwanza aliuongoza kwa kasi kali, kama sekunde 56, ili Kipchoge Keino apate nafasi ya kumwacha Jim Ryun wa Marekani. Keino akachukua dhahabu. Jipcho akamaliza wa kumi. Siku hiyo umakini wake wote aliutoa kwa ushindi wa mwenzake.

Basi jibu langu ni hili. Akili kuvutwa na shida ni udhaifu, na kanisa lisaidie. Lakini kumnyima mtu aliye mbele yako umakini kwa hiari, tena kwa jambo linaloweza kungoja, huko ni kumnyima haki yake.

Wiki hii tujaribu mambo matatu. Kabla ya maombi, andika kwa karatasi yale yanayokusumbua, kisha uyaombee moja moja. Wakati wa chakula cha jioni, simu zote zikae chumba kingine. Na mtu akikusimamisha njiani ama sokoni, msikilize mpaka amalize. Kama huna nafasi, mwambie ukweli na mpange saa nyingine.

Ujumbe wa kutuita tushuke utakuja tena, hata mara ya tano. Bwana atupe neema ya kubaki ukutani. Amina.